Mipaka ya Kivu

Mtoto wa Goma akiulizwa anakaa wapi, hutaja kwanza mtaa wake: Himbi, au Katindo. Mtaa umo katika komini, komini imo katika mji, na mji umo katika jimbo. Lakini mpango huo si wa kale.

Mwaka 1910 Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walipatana juu ya mipaka. Goma ikabaki kwa Wabelgiji, Gisenyi kwa Wajerumani. Mwaka 1933 Wabelgiji waliigawa Kongo katika majimbo sita. Jimbo la huku liliitwa Costermansville, kwa jina la mji wake mkuu, ndio Bukavu ya leo. Mwaka 1947 likaitwa Kivu.

Basi mtu wa Goma mwenye shauri kubwa la serikali alivuka ziwa mpaka Bukavu. Na yule wa Beni? Safari yake ilikuwa ndefu zaidi! Mwaka 1962 Kivu ya Kaskazini ilifanywa jimbo, lakini haikudumu. Mwaka 1966 Kivu ilikuwa moja tena. Mwaka 1988 ikagawanywa mafungu matatu: Maniema, Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini, ambayo mji wake mkuu ukawa Goma.

Wilaya zake ni sita: Beni, Lubero, Masisi, Rutshuru, Walikale na Nyiragongo. Vijijini kuna pia tawala za mwami, kama Bwisha na Bukumu. Bukumu, katika Nyiragongo, inapakana na mji wenyewe. Mji ukikua, nyumba huufikia mpaka na kuuvuka. Anayenunua kiwanja hapo hana budi kuuliza kwanza: shauri hili ni la mkuu wa komini, au la mwami?