Twiga Hubaki, Punda Milia Huanguka: Maswali na Majibu juu ya Kugeuza Picha kuwa Kielelezo cha Msumeno

Msumeno ninaoutaja hapa si ule wa kupasulia magogo, bali ni mashine ndogo ya mezani ambayo ubapa wake, mwembamba karibu kama uzi wa kushonea viatu, hupanda na kushuka mahali pamoja huku fundi akiuzungusha ubao kwa mikono miwili kuufuata mstari. Nami nauita msumeno wa nakshi, kwani kazi yake ni hiyo. Maswali haya yametoka kwa mafundi na vijana wa Kilosa, Mikumi na Mabwerebwere, watu wenye picha nyingi katika simu zao na mbao chache katika karakana zao, wakitaka kujua njia ipitayo kati ya vitu hivyo viwili.

Swali: Fundi, kwani kompyuta haiwezi kuigeuza picha yenyewe, mimi nikabonyeza tu na kuchapisha?

Yaweza, na hilo ndilo linalowaponza wengi. Programu haijui kwamba hili ni sikio na lile ni tawi la mti; hujua jambo moja tu, nalo ni kiasi cha nuru katika kila pikseli, kuanzia 0 ambayo ni weusi mtupu hadi 255 ambayo ni weupe mtupu. Ukiiamuru kwa neno Threshold, huweka mpaka mahali fulani katikati ya hesabu hiyo, ikavitia weusi vyote vilivyo chini ya mpaka na weupe vyote vilivyo juu, na mara moja una picha ya rangi mbili inayopendeza machoni. Walakini picha ya rangi mbili si kielelezo, maana karatasi huvumilia jambo ambalo ubao haulivumilii kabisa. Katika karatasi, doa jeupe laweza kukaa raha mustarehe katikati ya weusi. Katika ubao, weusi huo ukishakatwa na kutolewa, lile doa halina wa kulishika, nalo huanguka chini pamoja na vumbi la mbao. Doa la namna hiyo twaliita kisiwa, na kipande chembamba cha ubao kinachoachwa makusudi ili kukiunga kisiwa na bara twakiita daraja. Kazi yote ya kutengeneza kielelezo, ukiondoa mapambo, ni kuvitafuta visiwa na kuvijengea madaraja yasiyoonekana kuwa ni madaraja.

Mafundi wa Unguja waliokata nakshi za roshani waliyajua haya bila ya kompyuta. Katika jengo la Zahanati ya Zamani, lililoanzwa mwaka 1887 kwa mali ya tajiri Tharia Topan, mbao zilizotobolewa za roshani zinaonyesha dhahiri kwamba kila jani limeshikwa na jani mwenziwe, au na ua, au na fremu yenyewe. Wachongaji wa milango walikuwa na nafuu zaidi, kwa sababu tindo huchimba pasipo kutoboa, na jicho la herufi mimu au wau katika aya wanayoichonga hubaki limelala juu ya ubao uliolizunguka. Ichukue aya hiyo hiyo uikate kwa msumeno, na macho yote ya herufi yatakutoka.

Swali: Nakaa karibu na mbuga. Nianze na mnyama gani?

Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kilomita za mraba 3,230, imepitiwa na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, hata abiria wa basi hupiga picha za twiga na za punda milia bila ya kuinuka kitini. Lakini wanyama hawa wawili, ijapokuwa hulisha katika uwanda mmoja wa Mkata, mbele ya msumeno ni mbali mbali kama mchana na usiku. Twiga ameumbwa akiwa kielelezo tayari. Madoa yake ya kahawia yametengwa na wavu wa mistari hafifu, na wavu huo umeungana pote, kutoka shingoni hadi mapajani, hata ukilitoboa na kulitoa doa moja baada ya jingine kinachobaki mkononi ni wavu mzima. Punda milia ni kinyume cha hayo. Milia ya miguuni huuzunguka mguu mfano wa bangili, na kila bangili itolewayo kwa ukamilifu wake huukata mguu kipande. Punda wangu wa kwanza alitoka na kiwiliwili kizuri cha kusifiwa kisichokuwa na mguu hata mmoja, nami nikapiga magoti kutafuta kwato chini ya meza. Dawa yake ni kuuzuia kila mlia usiufikie ukingo wa nyuma wa mguu, ukaacha hapo kiasi cha milimita 3, ili ukingo huo uwe uti unaozishika pingili zote.

Tembo humdanganya mtu kwa ukubwa wake, ilhali rangi yake ni moja, nayo hufanana na ya vumbi alilosimama juu yake; mngojee mpaka jua liwe chini na limpige ubavuni, ndipo mikunjo ya ngozi itakapopata kivuli. Na asiyepata kukata hata mara moja na auchukue mbuyu uliopigwa picha na jua nyuma yake: una mstari mmoja wa nje, wala hauna tundu.

Juu ya matundu neno moja zaidi. Twiga mwenye madoa 60 hudai kufunguliwa ubapa mara 60, kupitishwa tunduni mara 60 na kukazwa mara 60. Unganisha madoa madogo ya shingoni ungali mbele ya kompyuta, kwani hakuna atakayeyahesabu isipokuwa mkono wako.

Swali: Kompyuta yangu ni ya zamani, na fedha ya kununua programu sina. Nifanyeje, hatua kwa hatua?

Programu mbili zisizouzwa zatosha. Ya kwanza ni GIMP, iliyoanzwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Ya pili ni Inkscape, iliyozaliwa mwaka 2003. Ile hushughulika na pikseli, hii hushughulika na mistari.

Itazame picha yenyewe kwanza. Ikiwa imekufikia kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, imekwisha kupunguzwa njiani. Mwombe mwenyewe aitume kama hati. Karatasi ya A4 ichapwayo kwa nukta 300 katika kila inchi hutaka pikseli 2,480 kwa 3,508, ingawa kwa kazi yetu hata nusu ya vipimo hivyo hufaa, maana mistari itachorwa upya. Punguza kingo, futa majani na watu walio nyuma, ondoa rangi. Kisha fanya jambo linaloonekana kuwa ni wazimu: itie picha ukungu kidogo kwa amri ya Gaussian Blur. Nyasi na nywele, zisipotiwa ukungu, huzaa vidoa maelfu ambavyo msumeno hauwezi kuvikata wala macho hayawezi kuvifuata, lakini ukungu ukizichanganya, mpaka wa nuru na kivuli hutoka mstari mmoja mtulivu. Hapo ndipo uiite Threshold, uusogeze mpaka pole pole, na usimame pale sura inapotambulikana kwa mtu aliye upande wa pili wa chumba.

Kazi iliyobaki ni ya kalamu na kifutio, na saa nyingi huishia hapa. Kuna hila moja inayoniokoa kila mara: chukua ndoo ya rangi ya programu, umimine rangi nyekundu juu ya sehemu nyeupe ya fremu. Wekundu utakimbilia kila mahali panapoungana na fremu, na chochote kitakachobaki cheupe ni kisiwa. Kijengee daraja, au kifute, kisha umimine tena. Weupe ukiisha, peleka picha katika Inkscape, uiamuru Trace Bitmap, ambayo kiini chake ni Potrace, kazi ya Peter Selinger. Nayo itaigeuza mipaka ya pikseli kuwa mistari. Ondoa weusi wa ndani ubaki mstari wa milimita 0.2, maana ubapa hufuata ukingo, na weusi mtupu hula wino bure.

Swali: Shikamoo, fundi. Picha ya mama yangu nikiiwekea mpaka, uso wote unakuwa mweusi. Simu yangu ni mbovu?

Marahaba, mwanangu. Simu yako haina kosa, na uso wa mama hauna kosa. Mwenye kosa ni ile katikati ya 127 ambayo programu huianzia, ambayo uso mweusi karibu wote huwa chini yake. Uzungushie uso peke yake, uushushe mpaka hadi shavu lijitenge na kivuli cha pua, kisha mavazi uyawekee mpaka wake mwingine, na nakala hizo mbili uziunganishe. Na kama mama yu karibu, mpige picha nyingine. Mweke barazani, nuru imjie kwa upande mmoja, wala usimtoe nje saa sita mchana, kwani jua la utosini huyageuza macho mashimo mawili. Weupe wa jicho ni kisiwa karibu siku zote. Uunge na shavu kwa kuuacha wazi ukope wa chini. Meno usiyatenge moja moja. Na kanga yake, iache na pindo tu.

Swali: Nina picha ya babu, aliyefanya kazi katika mashamba ya katani ya Kimamba. Imefifia.

Usiipige kwa taa ya simu, kwa kuwa itang'aa. Ilaze mezani karibu na dirisha lisiloingia jua, na simu uishike juu yake sambamba. Kufifia si hasara kubwa: kwa amri ya Levels, ivute ncha nyeusi na ncha nyeupe zikaribiane, na yaliyofichika yatajitokeza kwa namna ya kustaajabisha. Shida utaikuta katika kanzu, kwa maana kanzu nyeupe mbele ya pazia jeupe la studio haina bega. Wengi hulichora bega lote kwa mstari. Mimi siwaungi mkono. Chora ukosi, mkunjo mmoja wa kwapani na kofia, na jicho la mtazamaji litalimaliza bega lenyewe.

Swali: Mbao gani, na ubapa gani?

Plaiwudi ya milimita 3 hadi 6, hususan kwa mwanafunzi, kwa sababu matabaka yake yamepishana na daraja lake halina upande dhaifu. Malori ya mbao za Mufindi hupita Mikumi, na paina si mbaya. Ila katika ubao mzima, uwe wa paina au wa mninga, daraja jembamba lililokata nyuzi huvunjika kwa kupulizwa tu, basi kigeuze kielelezo hata madaraja mengi yalale pamoja na nyuzi. Mpingo waachie wachongaji. Bandika kwanza utepe wa karatasi juu ya ubao, kisha kielelezo juu ya utepe kwa gundi, nacho kitabanduka pasipo kuhitaji msasa. Ubapa wenye vijiti katika ncha hudai tundu kubwa. Usio navyo hupita katika tundu la milimita 1.5, na kwa macho ya twiga hakuna mwingine.

Swali: Naweza kutumia picha niliyoiona mahali?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mpiga picha, na kuikata katika ubao hakuifanyi iwe yako. Omba ruhusa, au panda basi ukapige ya kwako.

Swali: Mwenye hoteli anataka twiga 12, wote sawasawa.

Usiwakate mmoja mmoja. Panga vibao 4 vya milimita 3, uvifunge kwa misumari midogo katika sehemu zitakazotupwa, na ubandike kielelezo kimoja juu. Kata pole pole, kwani ubapa ukiinama, twiga wa chini atakuwa mnene kuliko wa juu. Chini ya vyote weka kipande cha hadibodi, kwa kuwa kibao cha mwisho ndicho kinachochanika nyuzi. Kwa kukata mara 3, twiga 12 watasimama.