Mshahara ni Deni, Tuzo ni Shukrani

Je, ni haki mtumishi wa serikali alipwe kadiri ya matokeo ya kazi yake? Wapo wasemao kwamba mvivu na mwenye bidii wasipokee sawa. Neno hilo hatulidharau, maana anayewazungusha wananchi bure huwaibia wanaomlipa. Nchini mwetu, mwaka 2004 watumishi wa umma waliwekewa utaratibu wa wazi wa kupimwa kazi zao. Basi, kipimo kiamue na mshahara?

Uingereza ilijaribu. Mwaka 1862, kwa shauri la Robert Lowe, serikali ilianza kuzipa shule za watoto fedha kadiri ya mahudhurio, na kadiri watoto walivyofaulu kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi. Mapato ya walimu wengi yakategemea fedha hizo. Ikawa nini? Watoto walikaririshwa kitabu cha mtihani, na masomo yasiyohesabiwa yakasahauliwa. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa mkaguzi wa shule, aliupinga utaratibu huo, na katika miaka ya 1890 ukafutwa. Si kwamba walimu walikuwa wabaya. Kipimo kiliwafundisha kutazama hesabu kuliko mtoto.

Tena, mfikirieni muuguzi wa zahanati ya mbali, ambako dawa huchelewa na mvua hukata njia. Tukimlinganisha na mwenzake wa mjini kwa idadi ya wagonjwa waliotibiwa, tutakuwa tumeilipa barabara, si bidii.

Papa Leo wa XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mshahara usipungue kiasi cha kumtunza mfanyakazi mwenye maisha ya kadiri. Hapo ndipo twatenganisha mambo mawili. Mshahara ni deni la haki. Tuzo ni shukrani. Tuzo yaweza kuongezwa, mradi kipimo kijulikane mapema, kihusu yaliyo katika uwezo wa mtumishi, naye awe na mahali pa kukata rufani. Mvivu aonywe, na asiposikia aondolewe kwa sheria. Lakini chakula cha watoto kisitegemee alama za mkubwa mwenye chuki.

Nanyi watumishi Wakristo, msingoje kupimwa. Mama aliyesimama dirishani penu tangu alfajiri hana alama za kuwapa, lakini haki yake Mungu aijua.