Lori la zamani la jeshi: hatari za kuongeza dizeli kwenye pampu

Malori ya zamani ya jeshi yana sifa ya kudumu. Chesisi ni nzito, magurudumu yote huvuta, na injini haina vifaa vya kielektroniki, hivyo fundi wa jua kali anaweza kuifungua na kuifunga. Ndiyo maana anayelipata lori la aina hii huliona kuwa linafaa kubeba mchanga, kokoto au maji katika barabara za mashambani za Kaunti ya Machakos. Tatizo huanza linaposhindwa kupanda mlima likiwa na mzigo. Mwenye lori huambiwa kwamba dawa ni kugeuza skrubu ya pampu ili dizeli iingie kwa wingi. Makala haya yanaeleza kinachotokea baada ya hapo, na hatua za kuchukua kabla ya kugusa pampu.

Nguvu hutegemea hewa

Kilo moja ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote. Kwa kuwa dizeli hunyunyizwa ndani ya silinda kwa muda mfupi sana na haichanganyiki sawasawa na hewa, injini huhitaji hewa zaidi ya hiyo ili isitoe moshi mweusi. Pampu hupimwa kiwandani kwa kuzingatia jambo hilo.

Mji wa Machakos uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Injini isiyo na turbo hupata hewa pungufu kwa kiasi hicho, kwa hivyo nguvu yake hushuka hata ikiwa nzima. Ikiongezewa dizeli, sehemu hutoka kama moshi mweusi, na sehemu huungua kwa kuchelewa na kuongeza joto kwenye pistoni, vali na ekzosi.

Joto huvunja injini

Pistoni nyingi ni za aloi ya alumini. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, na aloi za pistoni huanza kuyeyuka kabla ya hapo. Kinachoiokoa pistoni ni oili na maji vinavyoondoa joto. Mlima mrefu, mzigo mzito na radieta iliyoziba vikikutana, pistoni inaweza kutoboka, hedi ikapinda na gasketi ikaungua. Dizeli isiyoungua nayo huosha oili kwenye kuta za silinda, ikashuka chini na kuifanya nyepesi oili inayolinda beringi.

Mfano unaojulikana ni lori la jeshi la Marekani aina ya M35A2. Injini yake ya silinda sita na lita 7.8 hutoa nguvu farasi 130 hadi 140 tu. Nyingi zina turbo, na watu hudhani hiyo ni ishara ya nguvu iliyofichwa. Turbo hiyo iliwekwa hasa kupunguza moshi. Walioongeza dizeli, au kuizungusha injini kupita kikomo cha mizunguko 2,600 kwa dakika, wamepasua gasketi, na wengine wamekatikiwa na konrodi iliyotoboa bloku.

Breki hazikuongezwa nguvu

Hata injini ikistahimili, klachi, giaboksi na difu hubeba nguvu ambayo havikutengenezewa. Hatari kubwa zaidi ni breki. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hubeba nishati zaidi kwa karibu asilimia 78 kuliko likienda kilomita 60. Nishati hiyo yote hugeuka joto kwenye breki. Katika miteremko ya milima ya Iveti na Mua, breki za zamani zikipata joto kupita kiasi hushindwa kushika, na wanaoumia si walio ndani ya lori peke yao.

Pima mzigo kwanza

Mara nyingi kosa haliko kwenye pampu. Lori la jeshi la Uingereza aina ya Bedford MK, lenye injini ya lita 5.4 isiyo na turbo, lilitengenezwa kubeba takriban tani 4. Mita moja ya ujazo ya mchanga uliolowa hukaribia tani 2. Yaani mita mbili za mchanga zinatosha kulijaza, ingawa bodi bado inaonekana tupu.

Hatua kabla ya kugusa pampu

1. Pima uzito wa mzigo na uulinganishe na kiwango cha mtengenezaji.
2. Badilisha chujio la hewa na la dizeli, na usafishe radieta.
3. Pima mgandamizo wa kila silinda na nafasi za vali.
4. Peleka nozo na pampu kwa fundi mwenye mashine ya kuzipimia, azirudishe kwenye vipimo vya kiwandani.
5. Kagua breki zote, pamoja na mabomba yake, kabla ya lori kurudi kazini.
6. Dereva atumie gia ya chini mlimani, na ateremke kwa gia ileile aliyopandia.

Magari ya biashara hukaguliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) kila mwaka. Anayebadilisha injini anatakiwa kuhakikisha taarifa za usajili zimerekebishwa.

Lori ambalo pampu yake tayari imeongezwa lina dalili zake: moshi mweusi likipanda, maji kuchemka, oili kuzidi kipimo na kunuka dizeli. Likionyesha dalili hizi, lishushwe mzigo na pampu irudishwe kwenye vipimo kabla ya safari nyingine. Gharama ya kupima pampu ni ndogo kuliko ya injini nyingine, na maisha hayana vipuri.