Kabla Hujanunua Feni

Mdogo wangu wa Mbagala, nimesoma barua yako. Kompyuta ya steshenari inazima yenyewe kila ikikaribia saa 8 mchana, kazi za wateja zinapotea, na fundi anataka ununue feni 3. Usitoe hela bado. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hupunguza mwendo, na zikizidiwa huzima zisiungue. Joto hilo limekosa njia.

Umesema kasha liko kwenye kabati la kaunta, limefunikwa kitambaa cha kufuma. Kitambaa kitoe leo hii! Ndani ya kabati, hewa ya moto inayotoka nyuma huzunguka na kuingia tena mbele, na feni 3 zitapuliza joto lile lile. Litoe kasha nje, liinue kwenye kistuli, na nyuma uache shibiri moja hadi ukutani.

Sasa washa. Shika kipande cha tishu mbele ya matundu ya feni ya nyuma. Kikisukumwa, sawa, hewa inatoka. Kikivutwa kikanata, feni imefungwa kinyume. Feni huvuta kwa upande ulio wazi na kutolea upande wenye mikono inayoshika mota. Ya mbele iingize, ya nyuma itoe.

Jumapili, duka likiwa limefungwa, zima, chomoa waya ukutani, gusa chuma cha kasha, kisha fungua ubavu. Angalia mapezi ya alumini juu ya prosesa. Ng'oa feni yake taratibu, na chini yake huenda ukakuta vumbi limeshikana kama sufi ya mto. Hapo hewa haipiti hata kidogo. Litoe kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Ukitumia blowa, zuia mapanga kwa kidole, yasizunguke kwa kasi yakaua beringi.

Na ule mtindo wa kuacha ubavu wazi na kuelekezea feni ya mezani, mdogo wangu, naukataa. Itapoa siku mbili tatu, kisha vumbi la barabarani litajaa tena.

Ikizima bado, fundi afute grisi iliyokauka kati ya prosesa na mapezi, apake mpya kiasi cha punje ya choroko. Baada ya hapo mzungumze habari ya feni, tena moja tu, ya mbele, mkipima kwanza kama nafasi yake ni ya milimita 80, 92 au 120.

Jumatatu saa 8 nitakuwa nakuwaza. Niandikie.