Kinyesi cha Kuku Si Chakula cha Vifaranga

Mama mmoja wa Kitengela, anayefuga kuku nyuma ya nyumba, alimleta mwanawe kliniki akiwa na homa na anaharisha. Katika mazungumzo akanieleza kuwa bei ya chakula cha vifaranga imemshinda, kwa hiyo huanika kinyesi cha kuku juani, hukisaga na kukichanganya na pumba za mahindi. Aliyekuwa akiwalisha vifaranga ni mtoto huyo huyo. Siwezi kuapa kwamba ugonjwa ulitoka huko, lakini nilishtuka.

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Kinyesi kikipimwa huonekana kina protini nyingi. Kasoro ni kwamba maabara hupima naitrojeni, kisha huizidisha kwa 6.25 na kuiita protini. Naitrojeni nyingi ya kinyesi cha kuku ni asidi ya yuriki, ule weupe unaouona juu yake. Ng'ombe huweza kuitumia, kwani tumboni mwake mna vijidudu vinavyoigeuza kuwa protini. (Hata yeye yumo hatarini: mizoga ya kuku iliyosahauliwa kwenye maranda huleta botulizimu.) Kifaranga hana tumbo la namna hiyo. Asidi hiyo humtoka tu kupitia figo, naye anadumaa huku akila.

Mimi ni daktari wa watu, na linalonitisha zaidi ni salmonela. Jua la Kajiado, hata likiwa kali vipi, hukausha kinyesi bila kuua vijidudu vyote. Kifaranga wa siku chache huambukizwa upesi, na anaweza kuonekana mzima huku akivisambaza. Tena, kuku wakubwa wakitibiwa kwa viuavijasumu, sehemu ya dawa hutoka na kinyesi. Vifaranga wakikila, wanapata vipimo vidogo kila siku, na bakteria huzoea dawa ambazo kesho nitamwandikia mwanao.

Mtoto wa chini ya miaka 5 asishike vifaranga. Kila atokaye bandani anawe mikono kwa sabuni, na mayai yachemshwe mpaka kiini kigande. Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, usimpe dawa iliyobaki ya kuku. Ukiona damu au homa, mlete kliniki siku hiyo hiyo.

Kinyesi chenyewe kirundike mbali na kisima, kioze vizuri, kisha kitie shambani kabla ya kupanda sukuma wiki.