MKIA WA GARI NA MWINUKO WA NJIA YA NYUMBANI



Somo letu la leo ni la vipimo. Tutatumia rula, kamba, ubao na hesabu ya kuzidisha na kugawanya. Hesabu hizi ulikwisha kujifunza darasani. Leo tutazipeleka kazini. Chukua kalamu na daftari, ukae mahali penye mwanga.

Sisi tunaokaa mlimani tunajua maana ya kupanda. Moshi mjini ni chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Geti la Marangu liko zaidi ya mita 1,800. Barabara kubwa zimechongwa na wataalamu, lakini njia nyingi za kuingia vihambani tumezichonga wenyewe kwa jembe na sururu. Zamani zilikuwa njia za miguu. Mama alipita na mkungu wa ndizi kichwani au mzigo wa majani ya ng'ombe. Siku hizi pikapu zinaingia kuchukua ndizi. Mwezi wa Desemba watoto wetu wanarudi kutoka Dar es Salaam na magari yao madogo. Siku ya ugonjwa, gari linakuja kumchukua mgonjwa. Siku ya msiba, gari linaleta jeneza.

Magari haya yanafika kwenye njia ya nyumbani, na mara "kwaruu!" Mkia umegusa chini. Bampa limepinda, ekzosi imeng'oka. Wengine wanacheka, lakini jambo hili si la kuchekesha.

USIKU MMOJA WA MASIKA

Nitawaeleza jambo nililoliona kwa macho yangu. Katika kijiji kimoja cha Uru nina jirani ambaye mkewe alishikwa na uchungu saa nane za usiku. Mvua ya masika ilikuwa inanyesha. Tuliita pikapu. Ilikuja tupu, ikapanda vizuri mpaka uani. Tukatandika godoro, mama akapanda na mama mkwe wake. Majirani wanne nao wakapanda nyuma, kila mmoja akitaka kusaidia.

Gari likashuka. Magurudumu ya mbele yakafika barabarani salama. Magurudumu ya nyuma yalipofika chini ya mwinuko, penye mtaro, mkia ukagonga mwinuko ulioko nyuma yake, ukakwama. Gari likawa limelalia mkia. Magurudumu ya nyuma yakakosa uzito wa kuyakandamiza, yakazunguka bure na kuchimba shimo kwenye tope. Tulishuka wote, tukasukuma, wapi!

Tulimbeba yule mama kwa machela ya mbao mbili na blanketi, katika giza, mpaka barabara ya lami. Huko tukapata gari lingine. Mtoto alizaliwa alfajiri hospitalini, na leo anacheza. Lakini mama huyo angekuwa anatoka damu nyingi, je, tungesema nini?

Asubuhi yake yakaanza maneno. Dereva alisema, "Njia yenu mbaya." Wenye mji wakasema, "Gari lako bovu." Mama mmoja wa darasa letu la kisomo akaniuliza:

"Mwalimu, hilo gari si lilipita likija? Njia ni ile ile, gari ni lile lile. Mbona likwame likitoka?"

Nikamjibu, "Mama, umeuliza swali la maana. Jumatano tutapima."

KWA NINI MKIA UNAGUSA

Kwanza fanya jaribio hili dogo. Weka penseli mezani. Juu yake weka rula, ili penseli ikae karibu na mwisho mmoja wa rula. Rula ni gari. Penseli ni gurudumu la nyuma. Sasa inua ule upande mrefu. Umeona? Upande mfupi umeshuka na kugusa meza.

Ndivyo gari linavyofanya. Likipanda, pua inakwenda juu na mkia unashuka, hivyo mkia unagusa barabara. Likishuka, pua inakaa barabarani, nao mkia unagusa mwinuko ulioko nyuma. Mahali pa hatari ni pale pale pamoja: kwenye kona ya chini, barabara inapokutana na mwinuko.

Mambo matatu huleta taabu:

1. Mkia mrefu, yaani gari limetokeza sana nyuma ya magurudumu yake.
2. Mkia ulio chini. Mzigo ukikaa nyuma, springi zinalala na mkia unashuka zaidi.
3. Kona kali kati ya barabara na njia ya nyumbani.

Magari ya wageni wengine wa ng'ambo, yale yenye vitanda na jiko ndani kama nyumba, yana mikia mirefu sana. Wenyewe wengine hufunga vigurudumu vidogo vya chuma chini ya mkia ili usikwaruzwe. Lakini kigurudumu hakiondoi kona. Dawa kubwa ni kutengeneza njia.

TULIVYOPIMA

Kipimo cha kwanza: mkia wa gari. Gari likiwa mahali tambarare, tulipima kutoka ardhini mpaka sehemu ya chini kabisa ya mkia. Usipime bampa tu. Angalia pia ekzosi, ndoano ya kuvutia na tairi la akiba. Kisha tulipima kwa usawa wa ardhi, kutoka chini ya kitovu cha gurudumu la nyuma mpaka hapo mkiani. Umbali ulikuwa sentimita 125.

Gari likiwa tupu, mkia ulikuwa juu sentimita 40. Watu sita walipopanda, mkia ulishuka ukawa sentimita 30.

Sasa hesabu. Zidisha urefu wa kwenda juu kwa 100, kisha gawanya kwa umbali.

Gari tupu: 40 x 100 = 4,000. Gawanya kwa 125. Jibu ni 32.
Gari lenye watu: 30 x 100 = 3,000. Gawanya kwa 125. Jibu ni 24.

Maana yake ni hii: gari tupu linavumilia kona yenye mwinuko wa sentimita 32 kwa kila mita moja. Gari lenye watu linavumilia 24 tu.

Kipimo cha pili: njia. Tulilaza ubao ulionyooka wa mita 2 kwenye njia. Tukainua mwisho wa chini wa ubao mpaka pimamaji ikaonyesha usawa. Tukapima nafasi kati ya ardhi na mwisho huo wa ubao. Ilikuwa sentimita 50. Kwa mita 2 ni 50, basi kwa mita 1 ni 25.

Huna pimamaji? Tumia mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, uujaze maji na kuondoa mapovu. Inua ncha zote mbili. Maji ya ncha hii na ile yatakaa usawa mmoja. Wazee wetu waliochimba mifongo ya kuleta maji vihambani walijua siri hii: maji hayasemi uongo.

Kipimo cha tatu: barabara. Watu wengi wanakisahau. Barabara nyingi zimeinuka katikati na kuteremkia pembeni ili maji yatoke. Tulipima kwa ubao ule ule. Barabara yetu iliteremka kuelekea mtaro sentimita 5 kwa kila mita. Mteremko huo unaongeza ukali wa kona. Kwa hiyo jumlisha:

25 + 5 = 30.

Sasa linganisha. Kona ni 30. Gari tupu linavumilia 32, likapita kwa nafasi ndogo sana. Gari lenye watu linavumilia 24, likakwama. Mama yule aliandika hesabu hii ubaoni mwenyewe, akageuka akasema, "Kumbe hatukumsaidia mgonjwa. Tulimkwamisha kwa uzito wetu!"

Dereva hakuwa na kosa la gari bovu, na wenye mji hawakuwa na kosa la uvivu. Kosa lilikuwa la vipimo.

JINSI YA KUTENGENEZA NJIA

Dawa ni kuigawa kona moja kali ziwe kona mbili za upole. Kati ya barabara na mwinuko mkali, weka kipande chenye mwinuko mdogo.

Kipande hicho kiwe na urefu gani? Kizidi urefu wa kutoka gurudumu la mbele mpaka gurudumu la nyuma. Pikapu yetu ilikuwa na mita 3, hivyo tulichukua mita 4. Kikiwa kifupi, gurudumu la mbele litakuwa limeshapanda kwenye mwinuko mkali wakati la nyuma liko chini bado, na taabu itarudi.

Njia ya jirani ilikuwa na mita 20 kwa usawa, ikipanda mita 5 mpaka uani. Tulipanga hivi:

Mita 4 za kwanza zipande sentimita 12 kwa kila mita. Jumla ni sentimita 48.
Mita 16 zilizobaki zipande sentimita 452. Gawanya kwa 16. Ni sentimita 28 na kidogo kwa kila mita.

Kona ya kwanza sasa ni 5 + 12 = 17. Kona ya pili ni 28 - 12 = 16. Zote ni ndogo kuliko 24. Gari lenye watu linapita, na nafasi inabaki. Bakiza nafasi ya 5 au zaidi, kwa sababu mvua huchimba na springi huchoka.

Kazi ilifanywa kwa msaragambo. Mahali penye mita 4 ilitubidi kuchimba chini zaidi ya nusu mita. Kutoka hapo tulipunguza kuchimba kidogo kidogo kwenda juu. Kingo tulizijenga kwa mawe, na juu yake tukapanda masale ili udongo usiporomoke. Ukiona mwinuko wa juu unazidi kuwa mkali, usilazimishe. Refusha njia kwa kuizungusha kihambani. Utapoteza migomba michache, lakini utapata njia.

Tazama na huko juu, njia inapoingia uani. Pakiwa na nundu kali, gari litapita mkia salama halafu likwaruze tumbo. Chonga nundu iwe ya mviringo.

MTARO USIZIBWE

Watu wengine hujaza mtaro kwa udongo na mawe ili gari lipite. Hilo ni kosa. Maji ya masika yakikosa njia hupanda barabarani na kuibomoa. Tena huchimba shimo pale pale chini ya mwinuko. Gurudumu la nyuma likizama shimoni, mkia nao unashuka.

Weka karavati, yaani bomba la zege chini ya njia, maji yapite. Kabla ya kuchimba au kujenga karibu na barabara, omba kibali. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji au kitongoji. Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS. Barabara za wilaya zinasimamiwa na TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 1017 + 1000, yaani 2017. (Hesabu hiyo umeiweza?)

KAMA NJIA BADO HAIJATENGENEZWA

Gari limekuja leo na njia ni ile ile ya zamani. Fanya haya:

1. Shusha watu na mizigo ya nyuma. Abaki mgonjwa na mtu mmoja wa kumshika. Wengine wapande tena mkishafika barabarani.
2. Jaza shimo la chini kwa mawe bapa au mbao nene ili magurudumu ya nyuma yasizame.
3. Dereva aende polepole sana. Kishindo hulaza springi, na mkia unagonga.
4. Pakiwa na nafasi, gari lipite kwa mshazari, si kwa kunyooka. Mwinuko unapungua. Lakini usifanye hivyo kwa gari lenye mzigo mrefu wa kwenda juu, kwani linaweza kupinduka.
5. Mtu mmoja aangalie mkia akiwa pembeni. Asisimame nyuma ya gari hata kidogo.
6. Gari likisimama kwenye mwinuko, weka jiwe kwenye gurudumu, upande wa kuteremka.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini pikapu ilipita ikiwa tupu, ikakwama ikiwa na watu?
2. Mkia wa gari uko juu sentimita 28. Umbali kutoka gurudumu la nyuma ni sentimita 140. Njia inapanda sentimita 15 kwa mita, na barabara inateremka sentimita 4 kwa mita. Je, gari litapita?
3. Njia ya kwako inapanda sentimita ngapi kwa kila mita? Pima wewe mwenyewe.

Jibu la swali la 2: 28 x 100 = 2,800. Gawanya kwa 140, ni 20. Kona ni 15 + 4 = 19. Litapita, lakini nafasi ni 1 tu. Likibeba mzigo litagusa. Njia hiyo irekebishwe.

Swali la 3 jibu lake liko nyumbani kwako. Usingoje usiku wa mvua ndipo ulitafute. Pima Jumamosi hii, mchana, majirani wakiwepo, na uandike vipimo daftarini.

Kwaherini mpaka somo lijalo.