Rimoti Nzima, Kompyuta Haioni

Mama aliumia mkono, mausi hawezi kuishika, kwa hiyo kompyuta ya nyumbani anaiendesha kwa rimoti. Likizo hii ikagoma. Nikanunua betri mpya (hela ya nauli hiyo!), wapi! Ndipo nikakumbuka kamera ya simu: inaona mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Tumia ya mbele, maana ya nyuma mara nyingi huuchuja. Nikabonyeza kitufe, kitaa kikawaka zambarau. Basi rimoti nzima, mgonjwa ni kipokezi. Vipokezi vingi husubiri mapigo kama 38,000 kwa sekunde, na jua kali huvivuruga. Nikafunga pazia, bado. Nikakihamishia tundu jingine la USB, nikaandika ir-keytable -t kwenye Linux: kila nikibonyeza, mstari mpya.

“Haya mwanangu, nirudishie taarifa ya habari,” Mama akasema.